Barua ya wazi kwa wanangu mnaoanza utafiti

Wanangu,

Najua wengi wenu mmekwisha kuandika "Sura ya Kwanza: Utangulizi" juu ya karatasi, kisha mkakwama. Si ajabu. Ile orodha ya sura tano za tasnifu inamfaa kila mtu, ndiyo maana haimsaidii yeyote kufikiri.

Anzeni na swali. "Simu na wanafunzi" ni mada tu, unaweza kuisoma miaka kumi usifike popote. Wanafunzi gani? Simu wanaifanyia nini? Ukiuliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasio na kompyuta wanaandikaje kazi ndefu kwa simu, hapo una watu wa kuwafuata na kitu cha kutazama. Ziogopeni mada za athari za hiki kwa kile. Ukidai simu zimeshusha alama, lazima ulinganishe wanaozitumia sana na wasiozitumia, na bado nitakuuliza kama si wanaofeli ndio wanaokimbilia simu. Hojaji ya siku moja haina jibu la hilo.

Kisha chora jedwali: swali, data itakayolijibu, utaipata kwa nani, utaichambuaje. Swali lenye pengo mahali popote libadilishe au ulifute. Swali la hojaji lisilo na nafasi humo nalo litoke, hata kama linakupendeza. Jedwali likijaa, mpango wa sura zako umekwisha kujitokeza wenyewe.

Kuhusu sampuli, yaani watu wachache mnaowachagua kuwachunguza badala ya wote, naona kanuni ya Yamane ya mwaka 1967 ya kukokotoa idadi yao ikibandikwa kila mahali. Ndiyo, katika watu 400, kwa kiwango cha kosa cha asilimia 5, inakupa 200. Lakini hiyo ni ya kukadiria uwiano, yaani ni sehemu gani ya watu wote wenye sifa fulani, kwa sampuli nasibu, ile inayochaguliwa kwa bahati nasibu. Anayefanya mahojiano ya kina haimhusu. Yeye aangalie kama wasailiwa wapya bado wanamletea jambo jipya.

Ratiba ihesabuni kinyumenyume kutoka siku ya kuwasilisha. Kibali cha maadili, kikihitajika, kitangulie data. Mkihoji watoto, tafuteni na ridhaa ya wazazi. Hojaji ijaribiwe kwanza kwa watu wachache walio nje ya sampuli, maana swali lililo wazi kwako huenda likamchanganya anayelijibu. Msimamizi naye apewe muda wa kusoma. (Wapo wasiosoma hata ukiwapa mwezi, nalijua hilo pia. Mpelekee kurasa chache chache, na umfuate kwa adabu.)

Swali lenu litabadilika mkiwa njiani, nanyi msiogope. Ila siku mtakapolibadilisha, rekebisheni jedwali siku hiyo hiyo na mtie tarehe, kabla mtahini hajawauliza kwa nini sura ya nne inajibu swali ambalo sura ya kwanza haikuuliza.

Ni mimi,
Mzee wenu