Kwa watafiti na watunga sera wa Ziwa Tanganyika: kutaneni kabla ya uamuzi

Wanangu mnaolipima ziwa, na wanangu mnaolitungia kanuni,

Ninawaandikia kutoka Ujiji, na ninawaandikia kwa uchungu. Hivi karibuni, kwa heshima ya umri wangu na kazi yangu ya zamani ya ubwana samaki, nilialikwa kwenye warsha iliyofanyika Kigoma mjini kuhusu mustakabali wa dagaa na migebuka. Mgeni rasmi alisoma hotuba, akapigwa picha, akaondoka kabla mtafiti wa kwanza hajasimama. Watafiti nao walizungumza Kiingereza mwanzo hadi mwisho, wakionyesha michoro ambayo wavuvi waliokaa viti vya nyuma hawakuweza kuihoji. Jioni posho ziligawiwa, watu wakatawanyika, na sijasikia uamuzi wowote uliotokana na siku ile.

Limeniuma kwa sababu elimu iliyoachwa ukumbini ndiyo tunayoihitaji. Mwaka 2003 wanasayansi walieleza katika jarida la Nature kwamba ziwa hili limepata joto, kwamba maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye virutubisho, na kwamba chakula kinachozalishwa majini kilikuwa kimepungua kwa takriban asilimia 20. Mvuvi anayelijua kusi, upepo unaolivuruga ziwa wakati wa kiangazi, angeielewa hoja hiyo upesi kama angeelezwa kwa lugha yake, na huenda angemwongezea mtafiti jambo ambalo vipimo havijalionyesha. Mtunga sera naye angetambua kwamba dagaa wanapungua kwa sababu zaidi ya moja: joto hatuwezi kulizuia kwa sheria ndogo ya halmashauri, lakini kokoro, wavu wa kukokota unaozoa samaki wachanga kwenye mazalia, tunaweza kuliondoa. Asiyetenganisha mambo hayo mawili atamlaumu mvuvi kwa kila kitu, au atakata tamaa asifanye lolote.

Mwaka 2024 Serikali ilisitisha uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Sipingi hatua hiyo. Ninachodai ni kwamba hatua nzito kiasi hicho iandamane na mtafiti anayepima kabla ya kufunga na baada ya kufungua, kisha akarudi mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, kueleza alichokikuta. Mama anayenunua dagaa na kuwaanika, ambaye ziwa likifungwa hukosa mzigo, ana haki ya kuambiwa subira yake imezaa nini. Asipoambiwa, mwakani atatii kwa kuogopa doria tu, na doria haiwezi kukesha kila ufuko.

Wanangu watafiti, jifunzeni kalenda ya wenzenu. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, Bunge hujadili bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, na halmashauri huanza kupanga yake miezi mingi kabla ya hapo. Ripoti inayofika mezani mwezi wa Julai, hata ikiwa bora kiasi gani, imekuta fedha zimekwisha kugawanywa. Andikeni kurasa mbili za Kiswahili, zipelekeni mapema, na mseme waziwazi mnashauri nini. Nanyi maofisa, msimwite mtaalamu aje kubariki jambo mlilokwisha kuliamua, kwa kuwa huko ni kumtumia na kumdharau kwa pamoja.

Mfano mzuri tunao papa hapa. Mradi wa TACARE, ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994, ulipeleka picha za setilaiti katika vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Wanakijiji walitambua vilima na vijito vyao wenyewe, na picha hizo zikasaidia kupanga matumizi ya ardhi na kutenga misitu ya kijiji. Sayansi ilikaa mkekani pamoja na wenye ardhi, uamuzi ukawa wao.

Mengine nayataja tu: lindeni mazalia, wapeni vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi nyenzo za kazi, zungumzeni na wenzenu wa Burundi, Kongo na Zambia, kwa kuwa ziwa ni letu sote wanne. Na sisi wananchi tuache kuupima mkutano kwa ukubwa wa posho, maana tabia hiyo tumeilea wenyewe.

Kikao kijacho nawaomba mkifanyie mwaloni Kibirizi, siku za mbalamwezi, wakati wavuvi wa taa, wanaovua usiku wa giza, wanapumzika na wanaweza kuja. Kiongozi akae hadi swali la mwisho lijibiwe, na muhtasari ubandikwe pale pale, ukiwa na jina la ofisi itakayotekeleza kila jambo na tarehe ya kurudi kutoa taarifa.

Mzee wenu,
Bwana samaki mstaafu, Ujiji