Mawimbi hafifu yakuzwe kabla ya kufika kwenye diodi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na vijana wa hapa Tanga wanaojiundia vipimo vya nguvu ya mawimbi ya redio, vile vyenye safu ya taa kumi za LED, ili wajue pa kuelekeza antena. Hivi karibuni kijana mmoja aliniletea kipimo chake kibandani Ngamiani. Kikisogezwa karibu na redio ya upepo, taa zote huwaka. Kikielekezwa baharini upande wa Pemba, haiwaki hata moja. Alikuwa ameshauriwa aongeze transista, yaani vikuzaji, baada ya diodi, kile kifaa kinachogeuza mawimbi kuwa volti ya kuendeshea taa, naye akaongeza tatu. Kazi ya mikono yake ilikuwa safi, na kwa hilo nilimsifu, lakini ushauri ule ulimpotosha, nami inaniuma kwa kuwa nimeukuta kwa wengi.

Mawimbi yatokayo mbali huweza kufika kwenye antena yakiwa mikrovolti 50 tu, ilhali diodi ya jemaniamu huanza kupitisha umeme vizuri kwenye volti 0.2 au 0.3, na ya silikoni karibu volti 0.6. Chini ya hapo diodi haifi kabisa, bali hudhoofika vibaya: mawimbi yakipungua mara 10, volti inayotoka hupungua mara 100. Hicho kidogo kinachobaki humezwa na hitilafu za transista na mabadiliko ya joto, kwa hiyo anayekuza baada ya diodi anazikuza hitilafu.

Basi ukuzaji utangulie. Kutoka mikrovolti 50 hadi nusu volti ni mara 10,000, yaani desibeli 80 (kipimo cha logi, ambapo kila mara 10 ya volti ni desibeli 20), na hapo hatari ni nyingine: waya wa kutokea ukikaribiana na wa kuingilia, amplifaya (kikuzaji) hugeuka mtambo wa kurusha mawimbi yake yenyewe, na taa huwaka hata antena ikiwa imechomolewa. Kuchomoa antena liwe jaribio la kwanza kila mara. Ukuzaji ugawanywe kwa hatua, na kila hatua ifunikwe kwa bati lililounganishwa na ardhi.

Anayeweza kuipata chipu ya AD8307 hupunguziwa kazi kubwa, kwani hupima mawimbi yanayopishana kwa desibeli 92 na kutoa milivolti 25 kwa kila desibeli. Taa zake ziendeshwe na LM3914, chipu ya kuwasha taa inayopanda kwa volti sawa kila taa, si LM3915 ambayo nayo hupanda kwa desibeli 3 kila taa. Ukiunganisha AD8307 na LM3915, logi inahesabiwa mara mbili na kipimo kinadanganya. Lakini AD8307 haichagui kituo, hupokea chochote hadi megahezi 500, hivyo mbele yake lazima pawe na koili na kapasita za kuchagua kituo.

Kijana yule nimemwelekeza afungue redio kuukuu ya FM na kuchukua mawimbi kwenye megahezi 10.7, yale masafa ya kati ambayo redio hugeuzia kila kituo, kwa kapasita ndogo, kabla ya hatua inayosawazisha kimo cha mawimbi. Hapo redio imekwisha kuchagua kituo na kukikuza.

Fundi redio,
Ngamiani, Tanga