Utabiri wa msimu haumjui mtu wa Likoni

Mhariri,

Taja utabiri wa msimu popote Pwani, kwenye mnada wa samaki au barazani, utajibiwa vile vile: “Walisema kimbunga kitakuja, na hakikuja.” Wanaojibu hivyo wana haki nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayopasua mashua, na kwa ajili yake naomba nafasi katika ukurasa wako.

Utabiri wa msimu hausemi kimbunga kitatua wapi, wala haujawahi kuwa na uwezo huo. Walioifanya kazi hii kwa muda mrefu ni Wamarekani. Mwaka 1984 William Gray wa Chuo Kikuu cha Colorado State alianza kutoa hesabu ya vimbunga vya Atlantiki kabla ya msimu wenyewe, unaokwenda kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Shirika la serikali yao la bahari na hali ya hewa, NOAA, likafuata mwaka 1998, na mpaka leo linapotoa hesabu yake hutahadharisha kwamba hiyo si hesabu ya vitakavyopiga nchi kavu. Watu wa Florida husoma tarakimu na kuiruka tahadhari. Sisi nasi tungeiruka.

Mfano mzuri ni 2010. Mwezi Mei NOAA walisema dhoruba zenye majina zitakuwa kati ya 14 na 23, na kati ya hizo 8 hadi 14 zitafikia daraja la kimbunga kamili. Zikaja 19, na 12 zikawa vimbunga kamili. Utabiri ulinasa vizuri, lakini hakuna hata kimoja kilichotua Marekani kikiwa na nguvu hiyo. Kwa aliyenunua mbao za kuzibia madirisha Miami, utabiri ulikuwa uongo. Rudi nyuma hadi 1992, mwaka uliokuwa kimya, dhoruba 6 tu zenye majina. Ya kwanza, iliyochelewa hadi Agosti, iliitwa Andrew, nayo ikaivunjavunja kusini mwa Miami tarehe 24 mwezi huo ikiwa daraja la 5, la juu kabisa.

Idadi ya vimbunga hutegemea mambo yanayokwenda polepole, kama joto la bahari, na kama upepo wa juu na wa chini unakwenda pamoja au unakatana. Hayo hubadilika kwa miezi, kwa hiyo yanakadirika miezi kabla. Njia ya kimbunga kimoja hutegemea upepo wa juu unaokisukuma wiki hiyo hiyo, na upepo huo haujulikani zaidi ya siku chache mbele. Ni sawa na kujua kwamba kaskazi ya mwaka huu itakuwa kali bila kujua ni mashua ya nani itakayopasuka tanga. Colorado State nao hutoa asilimia ya kutua, lakini inayotajwa zaidi ni ya pwani nzima kutoka Texas hadi Maine. Mwaka 2024 walisema nafasi ya kimbunga kikubwa kupiga mahali fulani katika pwani hiyo ni 62%, kwa kawaida huwa 43%. Tarakimu hiyo ina maana kwa kampuni ya bima yenye nyumba kila jimbo. Mwenye nyumba moja haimwongozi.

Sasa tuje kwetu. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na kimbunga kinahitaji mzunguko wa dunia ukizungushe. Nguvu ya mzunguko huo ni sifuri kwenye ikweta, na chini ya nyuzi 5 ni dhaifu mno, ndiyo maana vimbunga hutupita mbali. Lakini mbali si salama moja kwa moja. Aprili 1872 kimbunga kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, nyuzi 6 tu. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, karibu na nyuzi 8, tarehe 4 Mei 2024, wakati msimu wa vimbunga wa upande wetu wa bahari huhesabiwa kuanzia Novemba hadi Aprili. Kalenda nayo ina mipaka yake.

Shaka yetu imelishwa pia na mkanganyiko wa neno El Niño, yaani Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida. Kule Atlantiki El Niño hupunguza vimbunga, kwa sababu upepo wa juu huvikata vichwa. Huku kwetu huongeza mvua za vuli, tena ikiwa tu Bahari Hindi yenyewe imepata joto upande wetu. Mwaka 1997 vyote viwili vilikutana, na wanaoikumbuka mvua ile hawahitaji kuelezwa. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu karibu sawa na ya 1997, lakini mvua haikuifikia ile. Vuli ya 2019 hakukuwa na El Niño ya maana, ila bahari upande wetu ilikuwa moto, na mafuriko yakaja. Masika ni ngumu zaidi kuitabiri kuliko vuli, jambo ambalo watabiri wote wanalijua na matangazo hayalisemi kwa sauti. Kimbunga kinaweza hata kutunyima mvua. Idai ilipopiga Beira katikati ya Machi 2019 iliuvuta unyevu kuelekea kusini, na masika yetu yakachelewa.

Halafu kuna namna ujumbe unavyobebwa. Mwaka 2023 tulitangaziwa Agosti kwamba vuli itakuwa na mvua nyingi ya El Niño. Oktoba wakuu wa serikali wakasema haitakuwa kama ilivyohofiwa. Novemba maji yakaingia majumbani. Mtu aliyefungua mtaro wake Septemba na kuuacha Oktoba hakukosea kwa ujinga. Alifuata tangazo la mwisho.

Asilimia nazo zinahitaji kueleweka kwa mkono. Tia shanga tisa mfukoni: tatu nyeusi ni mvua chini ya kawaida, tatu nyeupe ni ya kawaida, tatu za buluu ni juu ya kawaida. Huo ndio mfuko wa mtu asiyejua lolote. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa inaposema nafasi ya mvua juu ya kawaida ni 55%, imeongeza shanga za buluu hadi tano na kuacha nne za rangi nyingine. Chopoa moja. Usishangae ikitoka nyeusi. Na utabiri wa 55% ukitimia mara 20 katika 20, huo pia una kasoro, maana ulipaswa kutimia kama mara 11. Kwa mkulima wa mihogo Kilifi anayerudia uamuzi kila mwaka kwa miaka 20, shanga mbili za ziada ni faida. Kwa mtu anayeuliza kama maji yataingia chumbani kwake Kisauni mwaka huu, hazisemi kitu. Msimu mkavu unaweza kuwa na siku moja ya milimita 100. Paa la mabati la mita za mraba 40 hushusha lita 4,000 siku hiyo, mitungi 200 ya lita 20, na yote yanatafuta njia kwenye uchochoro mmoja.

Ninachopinga ni kuutupa ule utabiri wa siku tatu pamoja na huu wa miezi mitatu, kana kwamba ni kitu kimoja. Kimbunga kikishazaliwa, hesabu hubadilika kabisa. Kule Marekani kosa la wastani la mahali kitakapokuwa baada ya saa 24 ni takriban kilomita 50, na baada ya siku tano ni kama kilomita 300 au zaidi. Ile picha ya pembe inayopanuka kwenye ramani huonyesha mahali kitovu kinaweza kupita, na kitovu hubaki ndani yake kama mara mbili katika kila tatu. Haionyeshi upana wa upepo. Mwaka 2004 watu wa Punta Gorda waliutazama mstari wa katikati ukielekea Tampa wakatulia. Kimbunga chenyewe, Charley, akakata kona mapema akawaangukia, akiwa bado ndani ya pembe ile ile. Huku kwetu, Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wahame maeneo ya chini, na Kenneth akatua ng'ambo ya Ruvuma, Cabo Delgado. Aprili 2021 Jobo alidhoofika kabla ya kuifikia Dar es Salaam. Ukiita hayo uongo, utakuwa unadai kosa la kilomita sifuri.

Jambo moja dogo limezidisha fitina kwenye WhatsApp. Kituo cha kisiwa cha La Réunion, ambacho ndicho kinachofuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari Hindi, hupima wastani wa upepo wa dakika 10. Wamarekani hupima wa dakika 1. Kimbunga kile kile kitakuwa na tarakimu mbili, ya Wamarekani ikiwa juu kwa kama moja ya kumi, na wajuaji wetu husema “hata wenyewe hawakubaliani”. Taarifa hizo pia hutumia saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia. Ukitaka saa yetu ya Kiswahili, toa tatu: 06 UTC ni saa tatu asubuhi, 12 UTC ni saa tisa alasiri. Ukiletewa ujumbe usio na tarehe, saa ya kutolewa, wala nyuzi za kitovu, ufute. Ukiwa na nyuzi, piga hesabu ya umbali: kila uzi mmoja kaskazini au kusini ni kilomita 111, na sisi tuko kwenye 4.

Kitu ambacho hakuna utabiri wa msimu unaoweza kukuambia, na ambacho kila mvuvi anaweza kukisoma mwenyewe, ni maji. Kilindini, bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Kwa hiyo wimbi lile lile likija maji yamekupwa huvunjikia kwenye mwamba, na likija maji yamejaa huingia ufukweni hadi kwenye minazi. Presha ya hewa ikishuka kwa hektopaskali moja (kipimo cha presha hiyo), bahari huinuka sentimita moja. Ikishuka 20, ni sentimita 20 kabla upepo haujasukuma chochote. Hidaya alifika Mafia mwezi 25 Mfunguo Mosi, siku nne kabla ya mwezi kuandama, maji ndiyo kwanza yanatoka maji mafu, yale yasiyopanda sana. Tena alikuwa ameshadhoofika, na kama kilomita 400 kusini mwetu. Waliosema “tulitishwa bure” wangepiga hesabu ya dhoruba ile kuchelewa siku tano tu, ikutane na bamvua, ambayo kwetu hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni.

Tahadhari ya siku tano haihitaji kuacha kazi. Itazame pamoja na jedwali la maji ujue bamvua iko lini. Siku tatu kabla, madema (mitego ya samaki) ya mbali yainuliwe, na vyombo vidogo vivutwe juu ya mstari wa mwani ulioachwa na bamvua iliyopita, si juu ya mstari wa jana. Idara ikitangaza upepo unaozidi noti 25, kama kilomita 46 kwa saa, na mawimbi ya zaidi ya mita 2, ngalawa haitoki nje ya mwamba, hata jua likiwaka.

Mashua inayobaki majini ndiyo huponzwa na hesabu ya kamba. Imefungwa penye kina cha mita 2 maji yakiwa yamekupwa. Bamvua ikijaa, ipo kwenye mita 5. Ongeza mita 1 ya kimo cha omo, sehemu ya mbele ya mashua, juu ya maji, zinakuwa 6. Kamba ya kustahimili dhoruba ni mara saba ya hapo, mita 42, na mnyororo wa mita 5 kati ya kamba na nanga ili mvuto ulale chini. Wengi hutoa mita 15 kwa sababu wamepima maji yakiwa yamekupwa. Kamba fupi huivuta nanga kwenda juu, makucha yang'oke mchangani, na mashua iende kwenye mwamba. Kesho yake lawama ni za upepo. Ukitoa mita 42, lakini, lazima jirani naye awe mbali. Mashua zilizobanana hugongana zikizunguka. Injini ya nje ing'olewe siku moja kabla. Ukisubiri hadi asubuhi yenyewe, utaing'oa ukiwa umesimama kwenye wimbi.

Kwa idara nina ombi moja. Kila msimu ukiisha, itoe kwa Kiswahili na kwa kaunti hesabu ya marejeo: ilisema asilimia ngapi, mvua iliyopimwa ilikuwa milimita ngapi, na katika misimu 20 iliyopita utabiri wa aina hiyo ulitimia mara ngapi. Shaka ya Pwani haitaondolewa na tangazo kali zaidi kuliko la mwaka jana. Na kwenye kila tahadhari ya bahari inayobandikwa kwenye ubao wa BMU, kamati ya wavuvi ya ufuo, pembeni mwa kasi ya upepo, iandikwe tarehe ya mwezi na saa ya maji kujaa.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa