Kikao cha Jumamosi kimehamishwa

Habari za jioni wanakikundi,

Kwa mvua hizi, ufukweni Coco hakukaliki. Jumamosi tukutane Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, saa 4 kamili asubuhi.

Tunajadili mswada wa mwenzetu: kijana wa Temeke aliyelelewa na bibi akiambiwa baba alishakufa, kumbe ni yule muuaji aliyetikisa mji. Sura ya tatu isomeni taratibu, pale mwenye nyumba anapomrudishia kodi na kumwambia ahame. Ilinikaba koo.

Mambo haya yapo. Marekani, Dennis Rader aliua watu 10. Alipokamatwa mwaka 2005, vinasaba vya binti yake vilikuwa vimewasaidia polisi kumthibitisha, na binti hakujua lolote. Basi tumwambie mwandishi ukweli: kijana wake ni mtu kamili, au kivuli cha baba tu?

1. Mchango ni shilingi 5,000 (kudurufu na chai), kwa mweka hazina kabla ya Alhamisi usiku.
2. Mwenye nakala ya ziada aje nayo, wageni wapo wawili.

Tafadhali andika "Nipo" au "Sipo" hapa kufikia kesho saa 2 usiku, tujue idadi ya viti. Asanteni sana.