Ndoo Haiingii Chini ya Mfereji: Vipimo vya Bafu Kabla ya Vigae

Bafu la mita 1.2 kwa mita 2, choo na shawa humo humo, ndilo tunaloitiwa sana hapa Kisumu. Tatizo ni kwamba simu huja vigae vikiwa vimeshabandikwa. Mlango unagonga choo, taulo haina pa kukaa, ndoo ya lita 20 haipiti chini ya mfereji. Kufikia hapo, kusogeza kitu sentimita 10 ni kubomoa ukuta. Bafu hupangwa mawe yakiwa bado matupu, na jambo la kwanza ni kuhesabu unene wa vitu ambavyo bado havijawekwa.

Plasta hula kama sentimita 1.5. Gundi na kigae hula nyingine 1.5. Hizo ni sentimita 3 kila ukuta, kwa hiyo chumba cha sentimita 120 kitamalizika kikiwa na 114. Sakafuni, simiti ya kusawazisha pamoja na kigae hupandisha chini kwa karibu sentimita 5. Sasa rudi kwenye ndoo. Kimo chake ni karibu sentimita 40. Fundi akitoboa paipu ya mfereji sentimita 50 kutoka kwenye zege tupu, sakafu itameza 5, na mdomo wa mfereji utainama 5 nyingine chini ya paipu. Zimebaki 40 kamili. Ndoo utaiingiza kwa kuilaza, na kuitoa ikiwa imejaa hutaweza. Sisi huweka paipu hiyo sentimita 60 hadi 65 kutoka kwenye zege, hata kama mteja ana shawa nzuri, kwa sababu siku presha ikipotea ndoo ndiyo huoga nayo.

Dawa ya makosa haya ya vimo ni mstari mmoja. Kabla paipu haijaingia ukutani, chora mstari kuzunguka chumba kizima, mita moja juu ya mahali sakafu iliyokwisha itakapofika. Paipu nyembamba ya plastiki inayoonyesha maji ndani inatosha kuhamisha kimo hicho kutoka ukuta hadi ukuta. Baada ya hapo hakuna anayepima kutoka chini. Kila kitu hupimwa kutoka kwenye huo mstari.

Kichwa cha shawa kikae sentimita 200 hadi 210 kutoka sakafu iliyokwisha, yaani 100 hadi 110 juu ya mstari. Koki zake ziwe 105, tena upande wa mlango, ili ufungulie maji ukiwa bado umesimama pakavu. Zikiwekwa moja kwa moja chini ya kichwa cha shawa, kila asubuhi utaoga mkono kwanza kwa maji baridi. Ukingo wa sinki ni 80 hadi 85. Kioo kipimwe kwa mtu mfupi zaidi na mrefu zaidi wa nyumba, na ukingo wake wa chini usizidi 120. Ndoano za taulo 165, na kama kuna watoto, safu ya pili kwa 100, la sivyo taulo zao zitakuwa sakafuni siku zote.

Choo kinahitaji nafasi kuliko watu wanavyodhani. Kutoka katikati ya choo hadi ukuta wa kando pasipungue sentimita 40, na mbele yake paachwe 60 za magoti. Ndani ya bafu la sentimita 114, ukiweka choo katikati unapata 57 kila upande, vizuri kabisa. Ukikibana kwenye kona ili kupisha sinki kubwa, kiwiko kitagusa ukuta. Nunua sinki dogo. Na nunua choo chenyewe kabla paipu ya inchi 4 haijazikwa. Vyoo vingine hutolea maji chini na vingine nyuma, na umbali wa tundu kutoka ukutani hutofautiana. Fundi akibahatisha, choo hukaa mbali na ukuta na pengo la nyuma kuzibwa kwa simiti, jambo ambalo halifichiki.

Karatasi ikae kando, sentimita 70 kutoka sakafuni na kama 25 mbele ya ukingo wa choo. Ikiwa nyuma ya bega utajipinda kila siku. Bomba la kunawia chooni likae upande wa kulia kwa wanaotawadha kwa mkono wa kushoto. Muulize mwenye nyumba. Hili si la fundi kuamua.

Shawa ya stimu ina mambo yake. Ile ya wati 5,500 kwa volti 240 huvuta karibu ampea 23. Waya wa milimita 2.5 wa soketi za kawaida hauibebi vizuri: huchemka ndani ya ukuta, plastiki yake hukakamaa, na mwisho swichi huanza kunuka. Weka waya wa milimita 6 unaotoka moja kwa moja kwenye boksi la stimu, swichi yake kubwa iwe nje ya bafu, na kikata-stimu cha miliampea 30 kinachozima pale stimu inapovuja. Waya wa ati, yaani ule wa ardhini (earth), usikatwe wala kukunjwa ndani ya kifuniko eti kwa sababu shawa inachemsha bila huo. Inachemsha, naam. Ila koili ya shawa nyingi hukaa wazi ndani ya maji, na ati ndiyo njia ya stimu inayovuja. Maji ya kisima yakiwa ya chumvi stimu hupita kwa urahisi zaidi, kwa hiyo omba dukani ile iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Kazi yote hii ni ya fundi stimu mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Kabla ya kulaumu shawa kwamba maji hayana nguvu, tazama tangi. Kila mita moja kati ya maji ya tangi na kichwa cha shawa huleta presha ya karibu bar 0.1 tu. Tangi lililokalia dari, nusu mita juu ya shawa, litakupa matone.

Sakafu ishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji, na tundu liwe upande wa shawa, mbali na mlango. Mwaga ndoo moja kabla ya kubandika vigae. Palipobaki dimbwi, simiti irudiwe.

Kuhusu kutoboa: gonga kigae kwanza kwa kifundo cha kidole. Kikilia kitupu, gundi haikufika nyuma yake na kitapasuka, hamia kingine. Toboa kigae kwa ncha ya vigae, drili ikiwa haigongi, kisha ukifika ukutani weka ncha ya kawaida ya milimita 8 na uruhusu kugonga. Jaza tundu silikoni kabla ya kuingiza plagi ya plastiki ya skrubu, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Usitoboe wima juu au chini ya koki yoyote, kwani paipu hupita hapo. Mshikio wa mzee hauwezi kutegemea plagi za plastiki kwenye matofali yenye matundu. Hapo sehemu ya ukuta hujazwa zege wakati wa kujenga, kimo cha 80.

Piga picha ya kila ukuta paipu zikiwa wazi, futi ikiwa imenyooshwa ndani ya picha ili namba zisomeke. Ukitaka tuje kupima, tutumie picha hizo, urefu na upana wa chumba, upande mlango unakofungukia, na kimo cha tangi. Kama plasta bado haijapigwa, usiruhusu ipigwe kabla hatujafika.