Avebury nilifika, Mbaraki nikapotea

Mhariri,

Julai iliyopita nilikwenda Uingereza kumtazama binti yangu aliyeolewa Swindon. Jumapili moja tukapanda basi hadi Avebury, kijiji ambacho sehemu yake imo ndani ya duara la mawe yaliyosimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Nilitarajia kamba na mlinzi, kama Stonehenge, ambako wageni wengi huyatazama mawe kwa mbali. Wapi! Kondoo wanajilia majani katikati ya mawe, na mmoja alikuwa akijikuna ubavu kwenye jiwe lililonizidi kimo mara mbili. Nikaliwekea kiganja. Baridi, lina madoa ya kijivu kama ukurutu.

Ila kilichonikaa moyoni ni njia. Kule njia ya umma ikipita shambani kwa mtu, mwenye shamba haruhusiwi kuiziba. Unafungua kigeti, unapita, unakirudisha mifugo isitoke. Kibao cha mshale kinakuelekeza.

Niliporudi, mjukuu wangu akataka kuuona mnara wa kale wa Mbaraki, hapa Mombasa. Mombasa nimezaliwa mimi, lakini tuktuk ilituzungusha mpaka dereva akaanza kutuuliza sisi! Kibao sikukiona. Tulipofika, jua la saa saba, mnara wa mawe ya matumbawe umesimama kimya, na chini yake chupa za plastiki. Mtoto akaniuliza, "Bibi, hapa ndipo?"

Siombi mamilioni. Naomba mshale barabarani, na mtu wa kufagia.

Mwalimu mstaafu,
Majengo, Mombasa