Barua kwa mwanangu: kipandikizi kilichokaa juu na kile kinachoshuka mno

Mwanangu mpendwa,

Nimezitazama picha zako zote. Titi la kulia limekaa juu kuliko la kushoto, yote mawili yamejaa sana upande wa juu, chini yamebana, na chuchu zinaelekea chini kidogo. Kwa aliye wiki ya tatu tangu upasuaji, mwenye vipandikizi vya matiti vya duara vilivyowekwa nyuma ya msuli wa kifua, hali hiyo inatarajiwa. Umeuliza kama daktari alikosea. Picha za wiki ya tatu haziwezi kujibu swali hilo, wala usikubali mtu yeyote akujibu kwa kuzitazama hizo peke yake.

Elewa kinachoendelea mwilini. Ili kipandikizi kiingie nyuma ya msuli, daktari huuachanisha msuli na mbavu upande wake wa chini, kisha kipandikizi kinausukuma kwa mbele. Msuli uliofanyiwa hivyo huvimba na kukakamaa, na ukikakamaa unakibana kipandikizi na kukipandisha. Ngozi ya chini ya titi nayo bado haijanyooka, kwa hiyo kipandikizi hakina pa kushukia. Wiki zikipita msuli unalegea, uvimbe unapungua, ngozi inatanuka na kipandikizi kinateremka. Sehemu kubwa ya uvimbe huisha kufikia wiki ya 6, na wengi huona umbo limetulia kufikia mwezi wa 3. Mwenye ngozi iliyobana au kipandikizi kikubwa anaweza kungoja hadi mwezi wa 6 au zaidi. Vilivyowekwa juu ya msuli hutulia mapema zaidi.

Matiti hayashuki pamoja. Wewe unatumia mkono wa kulia, na msuli wa upande wa mkono wenye nguvu mara nyingi ndio unaochelewa kulegea. Halafu omba picha zako za kabla ya upasuaji uzitazame kwa utulivu. Wanawake wengi wana chuchu moja iliyo chini kuliko nyingine, au mbavu za upande mmoja zilizotokeza zaidi, au uti wa mgongo uliopinda kidogo, na hawajawahi kujua. Kipandikizi hakiondoi tofauti hizo. Mara nyingi huzifanya zionekane zaidi.

Ila nisikutulize kupita kiasi. Kukaa juu na kushuka mno ni mambo mawili tofauti kabisa, na ndiyo sababu hasa ya barua hii. Titi lililo juu lina muda wa kushuka. Lililoshuka kupita mahali pake halipandi lenyewe. Kwa hiyo usikodolee macho lile la kulia ukalisahau la kushoto.

Acha kujipima kwa kioo. Chukua tepu laini ya fundi cherehani, mara moja kwa wiki, siku ileile, ukiwa umesimama na mikono imelegea. Pima kutoka kwenye kishimo kilicho chini ya koo, kati ya mifupa ya mtulinga, hadi kwenye chuchu. Kisha pima kutoka kwenye chuchu hadi kwenye mkunjo wa chini ya titi. Andika namba za pande zote mbili. Usiivute ngozi maadamu mshono haujapona vizuri. Daktari ndiye atakayepima ngozi ikiwa imevutwa. Vipimo ambavyo madaktari wengi hufuata huweka umbali huo wa pili, ngozi ikiwa imevutwa, karibu sm 8 kwa kipandikizi cha mililita 300, na karibu sm 9.5 kwa cha mililita 400. Hutajipima kuifikia namba hiyo kama mtihani, lakini inakuonyesha kwamba ukubwa wa kipandikizi na nafasi ya mkunjo huamuliwa kwa pamoja.

Picha nazo zina utaratibu wake. Weka simu kwenye kimo cha chuchu, umbali uleule, mwanga uleule. Piga ya mbele, za pembeni mbili, ya mikono juu, na ya mikono ikisukuma kiuno. Simu ikiwekwa juu au chini kidogo tu, titi lililo sawa litaonekana limepotoka.

Sasa dalili za kushuka mno. Umbali wa chuchu hadi mkunjo utaongezeka kidogo miezi ya mwanzo. Hilo ni la kawaida, ngozi inalegea. Lisilo la kawaida ni namba kuendelea kupanda baada ya mwezi wa 3 au wa 4, huku kovu lililokuwa ndani ya mkunjo likihama na kuonekana kwenye ngozi ya titi lenyewe. Chuchu itaanza kutazama juu, sehemu ya juu ya titi itakuwa tupu, na kwa chini utaweza kugusa ukingo wa kipandikizi. Husababishwa na mkunjo kukatwa chini kuliko ulivyohitajika, au uzito wa kipandikizi kuzidi nguvu ya ngozi, au mazoezi mazito na kukanda titi kabla ya wakati. Sidiria imara inapunguza mwendo huo. Haiurudishi nyuma.

Kuna mikao mingine mibaya unayopaswa kuitambua. Ukilala chali, kipandikizi kusogea kidogo kuelekea kwapani ni kawaida. Kikienda hadi mkono ukagusana nacho na katikati ya kifua kukabaki pana, basi mfuko aliouchimba daktari umepanuka upande wa nje. Kinyume chake, ngozi ya katikati ya kifua ikinyanyuka kutoka kwenye mfupa na matiti yakakaribia kuwa kitu kimoja, mifuko miwili imekaribia kuungana, na hilo ni la kumwambia daktari mapema. Mistari miwili chini ya titi, mmoja juu ya mwingine, maana yake mkunjo wa zamani bado umebana. Wakati mwingine hulegea wenyewe ndani ya miezi kadhaa, wakati mwingine hapana. Na ukisukuma kiuno kwa mikono, matiti yakaruka juu au nje, huo ni msuli unaokivuta kipandikizi. Utaratibu wa kutibu hilo ni mwingine, kwa hiyo usilichanganye na kuhama kwa mfuko.

Ulichonieleza kuhusu rafiki yako mwenye vipandikizi vya umbo la tone si sawa na hali yako. Vya tone huwa na uso (yaani ganda la nje) uliokwaruzwa ili tishu zivishike, hivyo havishuki sana. Kikiwekwa juu, kuna uwezekano mkubwa kitabaki juu. Tena kinaweza kuzunguka, umbo likabadilika ghafla, na ultrasaundi ndiyo inayoonyesha kimelala vipi. Yeye asingoje kama wewe.

Jambo jingine linalopandisha titi ni kapsuli kukaza. Kila mwili huzungushia kipandikizi utando wa kovu, na huo si ugonjwa. Tatizo huanza utando ukinenepa na kusinyaa. Madaktari hutumia ngazi 4 za Baker: ya kwanza titi ni laini, ya pili limekaza kidogo lakini linaonekana sawa, ya tatu ni gumu na umbo limeharibika, ya nne ni gumu, limepotoka na linauma. Tofauti na hali yako ya sasa iko kwenye mpangilio wa matukio: titi lililokwisha kushuka na kulainika, kisha likapanda tena na kuwa gumu, halichelewi kutulia. Limeanza kubanwa, na daktari alione.

Yapo yasiyongoja miadi. Titi moja likivimba haraka, likakaza na kuuma kuliko la pili, hasa siku za mwanzo lakini hata wiki zilizofuata, huenda damu inavuja ndani. Nenda hospitali saa hiyohiyo. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu unaosambaa, joto, usaha, au mshono kufunguka: siku hiyohiyo. Pumzi kukata, kifua kuchoma unapovuta hewa, au mguu mmoja kuvimba na kuuma: dharura, hata kama matiti yenyewe hayana neno. Sauti ya maji au hewa kucheza ndani wiki za mwanzo isikutishe, wala vichomi vya ghafla vya mishipa ya fahamu inayoamka. Ukigusa kamba nyembamba inayouma kuelekea tumboni, mara nyingi ni mshipa wa juu ulioganda. Mwonyeshe daktari, kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya wiki chache.

Ule mkanda wa kifua wa juu ya matiti, uvae tu kama daktari alikuagiza, na kwa upande aliokuambia. Unasukuma kipandikizi chini. Ukiuvaa juu ya titi la kushoto likiwa limekwisha kufika mahali pake, unalisaidia kushuka mno. Kukanda nako ni hivyohivyo: tiba kwa mmoja, madhara kwa mwingine. Lala chali na mgongo umeinuliwa hadi akuruhusu vinginevyo, sidiria ya waya iache kwa sasa, usinyanyue vizito wala kufanya pushapu, na usivute sigara, kwa kuwa inapunguza damu inayofika kwenye mshono.

Ikifika mwezi wa 6 na tofauti bado ipo, ndipo mazungumzo ya kurekebisha yanapoanza kuwa na maana. Kilichobaki juu hufunguliwa kapsuli upande wa chini. Kilichoshuka hushonewa kapsuli na mkunjo upya kwa nyuzi zisizoyeyuka, au kuundiwa mfuko mpya, au kuongezewa wavu wa kutegemeza. Muulize daktari kwa nini kilihama, kabla ya kumuuliza atakirudishaje. Anayeshona mfuko ule ule na kurudisha kipandikizi kile kile kizito kwenye ngozi ile ile dhaifu anaiacha sababu ilivyokuwa. Mara nyingi kipandikizi kidogo zaidi ndilo jibu, hata kama hulipendi.

Mwisho, tafuta kadi ya vipandikizi uliyopewa: mtengenezaji, namba ya mfululizo, ujazo kwa kila upande, aina ya uso. Mwezi Julai 2019 kampuni ya Allergan iliviondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya uso uliokwaruzwa wa aina ya BIOCELL, baada ya ombi la mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, kwa sababu ya limfoma adimu, saratani ya mfumo wa limfu, inayotokea kwenye kapsuli. Waliokuwa na kadi walijua siku hiyohiyo kama inawahusu. Titi likivimba ghafla mwaka mmoja au zaidi baada ya upasuaji, huchunguzwa kwa ultrasaundi na majimaji yake hupimwa maabara, pamoja na kipimo cha CD30, alama ya seli za saratani hiyo. Na kwa kuwa vyako ni vya silikoni, FDA inashauri ultrasaundi au MRI ya kwanza miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 hadi 3, hata kama husikii lolote, maana silikoni huweza kupasuka kimyakimya.

Piga picha kadi hiyo pande zote mbili unitumie, pamoja na vipimo vya tepu vya wiki hii.

Mama yako anayekupenda